Kiti cha Ogola Kwenye Ukuta wa Kaunti

Kiti cha marehemu mume wangu nilikiacha nyumbani Langas asubuhi hiyo, kimefunikwa kitambaa cheupe, na mlango nimeufunga kwa kufuli. Kwa hivyo nilipokikuta ukutani ndani ya ukumbi wa kaunti pale mjini, kimekuwa kikubwa kama mlango wa kanisa, nilisimama nikamshika jirani yangu mkono.

"Mama Kimeli," nikamwambia, "unaona kile naona mimi?"

"Naona kiti cha Ogola."

"Basi sijarukwa na akili."

"Hiyo mimi sijasema."

Mama Kimeli ni Mnandi, mimi ni Mjaluo, na kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa michongoma ambao mbuzi hawauheshimu. Yeye hulalamika kwamba omena yangu, wale dagaa wa ziwani, ikianikwa ng'ombe wake wanapunguza maziwa. Mimi humwambia maziwa yake ya kibuyu, yale ya kupakwa makaa, ni maziwa ambayo mtu alisahau kuyatupa. Tumezeeka hivyo. Siku akinyamaza nitajua ni mgonjwa.

Tulikuwa tumekuja kwa sababu chifu alitangaza kwamba kaunti inatengeneza sera ya watoto na vijana, na wananchi waje watoe maoni. Wengine walikuja kwa maoni, wengine kwa soda na mkate. Mimi nilikuja kuua kifungu kimoja.

Hicho kifungu kilitoka kwa watu wa chuo kikuu. Mkubwa wao alikuwa Daktari Kipkirui, kijana mrefu, si daktari wa sindano, ni daktari wa kusoma. Alizunguka Langas na wanafunzi wake wakifanya utafiti kuhusu watoto wanaolelewa na nyanya zao. Kwangu alifika jioni, akaangalia viti viwili, akakaa kwa kile cha Ogola. Nikamwambia, "Hapo pana mwenyewe." Akaruka kama aliyekalia siafu. Kwetu kiti cha mwenye nyumba hakikaliwi na mtu mwingine, hata mwenyewe akiwa ameshazikwa.

Aliniuliza mambo mengi ya chakula na karo, nikamjibu vizuri. Halafu akaniuliza, "Mama, siku ukienda, Christabel atabaki na nani?"

"Nikienda wapi? Sokoni?"

"Namaanisha ukifa, mama. Samahani."

Wanafunzi wakaangalia sakafu. Christabel alikuwa pale mlangoni anamenya viazi, na kisu chake kikasimama. Nami nikasema, "Daktari, Mungu huita watu kwa alfabeti. Mimi nilibatizwa Zilpa." Wote wakacheka, kisu kikaanza tena, na lile swali likapita.

Lakini halikuwa swali la kucheka. Binti yangu Seline alikufa Christabel akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na baba hakuwahi kujulikana. Ogola naye alifuata nyayo za Seline. Mwanangu Byron yuko Nairobi, na mke wake ameshaniambia kwa simu kwamba msichana kama huyo angemsaidia sana na watoto wadogo. Najua msaada huo. Unaanza na kubeba mtoto na unaisha na kutoona shule tena. Na watu wa ziwani, jamaa za Ogola, siku ya matanga yangu wangemgawana kama sufuria. Kwa hivyo jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na utani, na utani umenilisha miaka mingi.

Sasa chuo kikuu kikaiandikia kaunti kwamba watoto wa namna hii, nyanya akifa, wanatawanyika, na wengine wanaishia kwa barabara za mji. Kwa hivyo sera iseme hivi: kila mzee anayelea mtoto peke yake aende kwa afisa wa watoto, amtaje mlezi wa pili angali hai, na mtoto aulizwe kwanza. Nilipolisikia jambo hilo kwa redio nilizima redio. Serikali ikikuuliza nani atachukua nafasi yako, imeshakupima jeneza. Na nikienda kwa huyo afisa nitamtaja nani?

Ndiyo sababu nilivaa sare yangu ya akina mama wa kanisa na kuja mjini. Nilijua nikipata maikrofoni nitawachekesha mpaka kifungu kife.

Ila kiti sikukitarajia.

Nilikuwa najua habari ya kamera. Watu wa chuo waliwakusanya watoto Jumamosi kwenye jengo la kanisa, wakawapa kamera ndogo, wakawaambia: piga picha ya mahali panapokutia hofu, na ya mahali ambapo moyo wako unatulia. Sura za watu zisionekane, majina yasiandikwe. Nilidhani Christabel amepiga mbuzi. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta ulioandikwa juu MAHALI NINAPOOGOPA, na katikati ya picha za mitaro, vichochoro na mlango wa baa, palikuwa na sebule yangu. Chini ya picha mtoto alikuwa ameandika: "Naogopa hiki kiti kwa sababu hakuna mtu."

Mwili ulinifa ganzi. Nyumba yangu, kando ya mlango wa baa.

"Umemfanya nini mtoto?" Mama Kimeli akaniuliza polepole.

"Sukari," nikasema, na hapo ndipo nilipoanza kupumua. "Ni sukari tu."

Nieleze. Ogola, ambaye Christabel alimwita Kwaro, yaani babu, kama anavyoniita mimi Dani, nyanya, alifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kikamchoka. Jioni akikaa kwa kile kiti, nyumba ilitulia. Alipokwenda hospitali asirudi, mimi nilihamishia kopo la sukari nyuma ya kiti, maana Christabel alikuwa anakula sukari kama chungu. Nikamwambia, "Kwaro yako bado amekaa pale. Humwoni, lakini yeye anakuona, na anahesabu vijiko." Tangu siku hiyo sijamkamata tena. Kitu kimoja tu kilibaki. Akitoka shule haingii moja kwa moja. Lazima kwanza achungulie dirishani, nyusi na macho tu juu ya ukingo. Mimi nikiwa kwa kiti changu hapo karibu na dirisha nasema, "Mwizi anaangalia kama askari yuko zamu," naye anaingia anacheka. Kwa hivyo picha niliielewa. Mtoto anaogopa mzimu wa sukari. Nikamweleza Mama Kimeli, nikitegemea acheke. Hakucheka. Aliangalia upande mwingine wa ukumbi, nami nikadhani anatafuta soda.

Tukakaa. Watoto waliopiga picha walikuwa mbele kwenye benchi, Christabel kati yao, nywele nimemsuka mwenyewe jana yake. Hakugeuka kuniangalia. Mama mmoja wa kaunti, mwenye miwani ya kamba, alikuwa ndiye mwenyekiti, akamkaribisha Daktari Kipkirui.

Daktari alionyesha picha nyingi, lakini alikawia kwa kiti.

"Angalieni hiki kiti," akasema. "Kimefunikwa vizuri, kimetunzwa, na hakina mtu. Mtoto anatuambia habari ya baba ambaye hayupo. Anatuambia nyumba haina mwanamume, na hilo ndilo linalomtia hofu."

Mama mmoja wa kofia, nadhani wa Elgon View kwa matajiri, alitoa leso akajifuta macho. Mimi nilibaki mdomo wazi. Ogola hakuliliwa na watu wazuri hivyo hata kwa matanga yake. Daktari alijua kabisa ni kiti cha nani, maana alishakikalia, na alikuwa ananikwepa kwa macho kwa ajili ya ule mkataba wao wa kutotaja majina. Mimi mkataba huo sikuutia sahihi. Nikainua mkono.

Maikrofoni ilipofika, Daktari alinipungia kiganja taratibu, kama mtu anayezuia kuku asiingie ndani. "Mama, tafadhali. Hapa picha hazina wenyewe."

"Hii ina mwenyewe," nikasema. "Hicho kitambaa nilikishona mimi."

Watu wakageuka. Nikasimama vizuri, nikawaeleza yote: Ogola, kopo, vijiko vinavyohesabiwa na marehemu. Niliigiza macho ya dirishani. Yule wa kofia alicheka na leso ikiwa bado puani. Vijana wa nyuma walikuwa wanapigana mabega. Hata mwenyekiti alivua miwani akaipangusa.

"Sasa," nikasema walipotulia kidogo, "daktari wetu ni kijana mzuri, amesoma, na mama yake anajivunia. Lakini ameona sukari akasema ni baba. Na ni yeye huyo ametuletea kifungu cha mlezi wa pili. Mimi namuuliza, huko nako aliona nini? Msitulazimishe wazee kuonyesha atakayevaa viatu vyetu tukiwa bado tumevivaa."

Walipiga makofi. Wazee wenzangu walipiga na fimbo sakafuni. Mwenyekiti akasema maoni ya mama yamesikika, na kwamba kamati haitakuwa na shida kukiondoa kifungu hicho kama wananchi hawakitaki. Daktari Kipkirui alikaa chini. Nami nikakaa, nimetanua magoti kama mwanamume aliyeuza fahali.

"Umemaliza?" Mama Kimeli akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Haya."

Hapo ndipo Christabel aliposimama. Hakuinua mkono wala kungoja maikrofoni. Daktari alimfikia haraka, akachuchumaa mbele yake. "Si lazima useme kitu," akamwambia. "Hakuna mtu atakuuliza."

"Nataka," akasema. Kisha akageuka akanitazama mimi, na ukumbi wote ukageuka naye. "Dani, mimi sukari nachukua."

Watu wakaanza kucheka tena.

"Nachukua kila siku. Kwaro simwogopi. Kwaro alikuwa ananipa yeye mwenyewe ukienda kanisa."

Kicheko kikawa kikubwa, na mimi nikacheka pia, ingawa nilishtuka. Ogola huyo. Lakini Christabel alikuwa amesimama tu, anangoja tumalize, na jinsi alivyongoja ndivyo vicheko vilivyokatika kimoja kimoja.

"Naogopa hiyo kiti kwa sababu hakuna mtu," akasema. "Niliandika hivyo. Kwaro alikuwa anakaa hapo. Asubuhi akaenda hospitali, na mimi nikaenda shule, na nilipotoka shule kiti haikuwa na mtu. Sasa mko... sasa uko wewe tu, kwa ile kiti ingine. Ndiyo nachungulia. Nikiona kichwa chako naingia. Siku moja sikukiona. Nilikaa nje."

"Siku gani?" nikauliza. Sauti ilitoka bila maikrofoni na bila ruhusa yangu.

"Ile ya mvua. Ulikuwa choo. Sikujua uko choo."

Niliikumbuka. Nilitoka chooni nikamkuta amejikunyata kando ya ukuta na mkoba wake, maji yanamtiririka hadi kwenye soksi, na mlango ulikuwa wazi. Nilicheka sana siku hiyo. Nilimwita Mama Kimeli kutoka upande wa pili wa ua aje aone kuku wa mvua.

"Daktari aliniuliza mimi pia nitaenda kwa nani," Christabel akasema. "Nikamwambia sijui. Nikakuuliza wewe usiku huo, ukasema tena unaitwa Zilpa."

Akakaa.

Nilikuwa natafuta neno. Mimi sijawahi kukosa neno, hata polisi alipotuuliza mambo ya ajali ya Seline nilikuwa nalo. Nililitafuta chini ya ulimi na nyuma ya meno, nikakuta mdomo umekauka kama unga. Yule mama wa kofia hakuwa analia tena. Alikuwa ananiangalia tu, na afadhali angelia.

Nikageukia Mama Kimeli ili niwe na mahali pa kuweka uso. Yeye bado alikuwa anaangalia ukuta wa pili, ule nilioudhani una soda. Nikafuata macho yake. Juu paliandikwa MAHALI MOYO UNAPOTULIA. Palikuwa na uwanja wa mpira, darasa, mti wa mapera, na mlango wa jikoni uliopigwa weusi na moshi, kibuyu kimening'inia kando. Hicho kibuyu nimekitukana miaka yote. Chini yake, kwa mwandiko uleule wa Christabel, wa herufi za kulala: "Hapa nikifika naulizwa kama nimekula."

Mshtuko wa kwanza ulinikamata mwili. Huu wa pili ulinikamata wivu, na wivu wa mzee ni mchungu.

"Hiyo ni jikoni yako," nikasema.

"Ni yangu."

"Ulikuwa unajua?"

"Ya picha, hapana. Nimeiona leo kama wewe." Akavuta shuka yake mabegani. "Lakini mtoto alikuja kuniuliza. Wakati ule wa kuvuna mahindi. Alisema, 'Kogo, Dani akienda naweza kuja kwako?'"

"Anakuita Kogo?" Hilo ni nyanya kwa Kinandi.

"Sijamtuma. Alianza mwenyewe."

"Na ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mlango si ule, hauna hata kufuli."

"Na mimi hukuniambia. Miezi yote hii, ukichukua omena yangu juu ya ua."

"Ungecheka, Mama Seline," akasema, bila hasira hata kidogo. "Ungecheka, na mimi ningecheka na wewe, na mtoto angetusikia."

Nilinyoosha mkono nikaomba tena maikrofoni. Kijana aliyeibeba alimwangalia mwenyekiti, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Nilisimama.

"Kile kifungu," nikasema. "Kiacheni pale kilipo."

"Mama, unabadilisha maoni?" mwenyekiti akauliza.

"Nabadilisha. Na kama afisa wa watoto yuko hapa asisumbuke kunitafuta Langas. Mtoto ameshaulizwa, na amejibu kwa ukuta. Mlezi wa pili ni huyu." Nikamwekea Mama Kimeli mkono begani, naye akaangalia chini kama bibi harusi.

Manung'uniko yalianza. Hii ni Eldoret, na watu wa umri wangu wanakumbuka tulichokiona makabila yalipopigana. Mzee mmoja wa kwetu, namjua kwa sauti, akasema kutoka nyuma, "Zilpa, damu ya Ogola ilelewe na Wanandi? Watu wa nyumbani watasema nini?"

"Watasema mengi," nikamjibu. "Lakini nimeangalia huo ukuta wote, na sijaona jikoni ya mtu wa nyumbani hata moja."

Mwenyekiti aliinamia karatasi zake, akasema kifungu kinabaki, tena yale maneno ya mtoto kuulizwa kwanza yapelekwe juu kabisa, mwanzoni. Sijui kama baraza litayapitisha. Kaunti ina meza nyingi. Lakini niliyasikia yakisemwa.

Wakati wa soda Daktari Kipkirui alinijia na chupa mkononi. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vibaya. "Mama Zilpa, nilikosea," akasema. "Nilisoma picha, sikumsoma mtoto."

"Hata mimi nilikosea, na mimi nakaa naye. Leta hiyo soda tugawane." Tukagawana. Hakujua afute mdomo wa chupa ama asifute.

Watoto walibaki kurudisha kamera na kupigwa picha na wakubwa, kwa hivyo mimi na Mama Kimeli tulitangulia nyumbani. Boda boda waliotuita njiani tuliwapita bila hata kuwatukana. Nilifungua kufuli, nikawasha jiko, nikachemsha chai. Mama Kimeli alisimama katikati ya sebule akitafuta kigoda, kama anavyofanya siku zote.

"Kaa pale," nikasema.

"Hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe alikuwa anaiba sukari yangu na kumpa mtoto. Hana haki tena. Kaa."

Alikaa kwa ukingo kwanza, makalio nusu, kama kwamba Ogola angemsukuma. Halafu akaegemea. Kitambaa kilimfika mabegani. Nilimwangalia Mnandi ndani ya kiti cha mume wangu, moyo ukanipiga mara moja kwa nguvu, kisha ukaendelea na kazi yake. Mimi nikakaa kwangu, karibu na dirisha.

Tulisikia viatu vikija kwenye changarawe. Vikasimama, kama kila siku. Sikugeuka. Niliangalia chai yangu tu, nikamwacha aangalie vya kutosha, maana sasa nilijua anaangalia nini. Upande wa pili Mama Kimeli naye alikaa wima, bila kusogea, kama mtu anayepigwa picha.

Alikawia pale nje kuliko kawaida. Kisha mlango ukafunguka, Christabel akaingia, hakusalimu, akapita nyuma ya kiti. Tukasikia mfuniko wa kopo.

"Ogola," nikasema, bila kuinua macho, "mtoto wako ameanza tena."

"Mwache," Mama Kimeli akajibu kutoka kitini. "Ni kijiko kimoja tu."